Boran wa Laikipia mpaka Kwimba: usafiri mzuri, lakini waulizeni habari za kupe

Kwa kusafirisha Boran, ng'ombe wa nyama kutoka Laikipia nchini Kenya, hawa mawakala wa Isebania, mpakani upande wa Kenya, ni wazuri kuliko nilivyotegemea. Kwa maneno ya kumuuzia mtu ng'ombe, wapunguze. Asiye na haja ya Boran anaweza kuishia hapa. Mwenye hela mkononi, au anayeuza mpunga mwaka huu akafikiria kununua dume, asome mpaka kwenye habari za kupe.

Jina lao siliandiki. Kazi hii pale mpakani wanaifanya wengi, wanaazimana magari na wateja, na nitakayoyasema yanawahusu karibu wote. Mimi ni muuza dagaa, nipo soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mpaka naujua kwa magunia. Ng'ombe wangu wako Kwimba kwa kaka yangu, ukishapita Bukwimba kama unaenda Ngudu, na yeye ndiye anayelala nao na kuamka nao. Mimi natoa hela na kelele.

Wengine wataniuliza kwa nini Boran wakati mnada wa Nyamatala upo hapo Misungwi. Ng'ombe wetu wa Kisukuma namheshimu. Septemba, nyasi zikiwa kama waya na ngitili, yale malisho tunayoyatunza kwa kiangazi, imeshakwanguliwa, yeye bado anatembea na bado ananyonyesha. Lakini ni mdogo. Dume lake likikomaa ukalipeleka mnadani, wachinjaji wanalizunguka, wanalipapasa, halafu wanakutajia bei inayokufanya uangalie pembeni. Tulitaka mwili zaidi bila kuleta mnyama wa kufungiwa ndani na kupepewa. Friesian tulishawaona kwa jirani: maziwa mengi, na bili ya dawa ndefu vilevile.

Boran ni wa huku huku kwetu Afrika Mashariki. Ana nundu, ana ngozi iliyolegea yenye manyoya mafupi, anatembea mbali kufuata maji. Asili yake ni Waborana wa kusini mwa Ethiopia, akashuka na wafugaji mpaka Kenya. Wenye ranchi wa Laikipia walimchagua kwa miaka mingi wakimtafutia nyama, na chama chao cha wafugaji wa Boran kipo tangu 1951. Jike lililokomaa linafika kilo 400 hivi. Wetu wa Kisukuma akifika 250 unaita majirani waje waone. Halafu kuna jambo alilolipenda kaka kuliko yote: ndama wa Boran anazaliwa mdogo, kilo 25 hadi 30, kwa hiyo dume lake ukilipandishia majike yetu madogo hulali ukiwaza nani atakwama kwenye kuzaa.

Jamaa wa Isebania wanachouza ni huduma nzima. Wanakutafutia ranchi, wanakupeleka kuchagua au wanakutumia video, wanashughulikia vipimo na vibali, wanapakia, wanavusha, wanakushushia nyumbani. Video nilizikataa. Kwenye video kila ng'ombe ni mnene, na anayeshika simu anajua asimame upande gani. Kaka akapanda basi mwenyewe.

Alichokikuta huko ni kizuri. Hawakumharakisha. Walimwachia asimame zizini ng'ombe wakitoka na wakirudi, kwa sababu anataka kuona mnyama anavyofuata wenzake. Dume linalojitenga, anasema, ukilileta kwenye mbuga zisizo na uzio utalitafuta mpaka Maswa. Akashika korodani, akaangalia meno, akawatembeza kwenye mawe asikilize kwato. Alipokataa mtamba mmoja kwa sababu ya chuchu moja iliyoziba, mtu wa wakala alicheka akasema, "Mzee, wewe umekuja kuposa?" Lakini akamtoa, akaleta mwingine. Tulichukua dume moja na mitamba minne. Dume lilikuwa shilingi 240,000 za Kenya, mitamba 115,000 kila mmoja. Zidisha kwa 20 upate za kwetu kwa makadirio, halafu kaa chini kidogo.

Sasa makaratasi, na hapa wanapoteza maksi.

Kibali cha kuingiza mifugo nchini kinatoka kwetu, kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, na kinaombwa kabla ng'ombe hajasogeza mguu. Kibali ndicho kinachosema apimwe nini: ugonjwa wa kutupa mimba, kifua kikuu, homa ya mapafu, na kwamba anakotoka hakuna miguu na midomo. Upande wa Kenya daktari wa serikali anatoa cheti cha afya kwa kufuata masharti hayo. Ukiwa na cheti cha uasilia kuonyesha mnyama ni wa Afrika Mashariki, ushuru wa forodha hakuna, kinachobaki ni ada na tozo. Ukishaingia unatakiwa tena kibali cha kusafirisha mifugo ndani ya nchi, maana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 haimwangalii ng'ombe kwa sura yake nzuri. Hayo yote waliyafanya, na waliyafanya kwa mpangilio. Shida ni bili. Kwenye karatasi yao mambo yote haya ni mstari mmoja umeandikwa "documents", na mbele yake tarakimu iliyonona. Nikawaambia, wanangu, mimi napeleka dagaa nje tangu ninyi mkiwa shule, kila ada ya serikali ina risiti yake, nileteeni moja moja. Zikaja kwa mafungu. Nilipozijumlisha hazikufika hata karibu ya tarakimu yao. Tulipozungumza wakarudisha kiasi, kingine wakakiita gharama ya kufuatilia. Sikatai mtu kulipwa kwa kufuatilia. Aiandike hivyo tangu mwanzo.

Kitu kingine mkisome kabla ya kutia saini: nani anabeba hasara ng'ombe akifa njiani. Mkataba wao unasema akifia Kenya ni wao, akivuka Sirari, upande wetu wa mpaka, ni wewe. Kutoka Sirari mpaka Mwanza ni karibu kilomita 300, na gari ni lao, dereva ni wao, breki ni zao. Nilikataa. Tulibishana kwenye simu mpaka dagaa wangu wakaanza kuuzwa na mtoto wa jirani, mwishowe wakaandika kwa kalamu pembeni: mpaka atakaposhuka garini akiwa amesimama kwa miguu minne. Wanakubali ukisimamia neno lako. Wenzangu wawili tuliochangia gari hawakuuliza, na mkataba wao ukabaki vilevile.

Pale mpakani tulikwama. Maofisa wa Sirari wamezoea ng'ombe wanaokwenda upande wa pili. Wa kuingia wanawaangalia mara mbili, na sawa wafanye hivyo. Bwana mifugo alipanda kwenye fuso na cheti mkononi, anasoma namba ya hereni, anaangalia sikio, anaweka alama. Kwa mtamba wa tatu akasimama. Sikioni 471, kwenye cheti 417. Mtu wa wakala akaanza yale ya "mkubwa, ni kuteleza kwa kalamu tu". Mkubwa akasema kalamu ikirekebishwa huko ilikoteleza yeye atapitisha. Ikabidi cheti kirudi kwa daktari wa Kenya kiandikwe upya, na gari likae. Gunia la dagaa likilala mpakani halidai maji. Ng'ombe mkubwa kwenye jua la mchana anadai.

Kosa ni la wakala, hilo halina mjadala, mtu wao alitakiwa kusoma hizo namba zizini kabla ya kupakia. Lakini nitawapa haki yao kwa walichofanya baada ya hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipojua nalipia nini. Wana mchungaji wao, mzee wa Kikurya, anasafiri na ng'ombe nyuma, hakai mbele na dereva. Yule mzee alilisogeza gari kivulini, akashusha madumu ya maji waliyokuwa wameyafunga chini ya bodi, akawanywesha mmoja mmoja kwa ndoo, huku akiwasemesha Kikurya polepole kama anamwambia mtu habari za msiba. Nyasi kavu walikuwa nazo, marobota kadhaa juu ya kichwa cha gari. Halafu akapita tena, safari hii bila ndoo. Alikuwa anaingiza vidole ndani ya sikio la kila ng'ombe, anazungusha, anashuka chini ya sikio kwenye tezi, anabonyeza. Kaka akamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta cha kuwarudisha."

Nimesafirisha mizigo miaka mingi, na watu wa namna ile kwenye magari ya mizigo sijaona wengi. Wakala akimfukuza yule mzee, ukadiriaji wangu wote huu mfute.

Kuna watakaosema yote hayo ya nini, Wakurya na Wamasai wanavusha ng'ombe usiku kwa miguu na hawaulizwi. Wanavusha, ndiyo. Oktoba 2017 serikali ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokutwa wakilisha upande wetu, na kelele za wenyewe hazikuwarudisha hata mmoja. Dume la milioni tano silipitishi njia ya panya.

Barabarani sina malalamiko makubwa. Walitoka Sirari jua likizama. Sakafu ya gari ilikuwa na mchanga mzito, dume limetengwa kwa mbao imara, na hawakubanana. Fuso ileile kwa ng'ombe wetu wa mnadani ingejazwa wawili badala ya mmoja. Walisimama baada ya daraja la Kirumi kuwaangalia, wakasimama Bunda, halafu kutoka hapo mpaka Lamadi hawakusimama kabisa, kwa maelekezo ya mzee. Serengeti inafika mpaka barabarani pale Ndabaka. Kuna mbung'o, na nyumbu wana ugonjwa wao ambao wenyewe hauwaumizi lakini ng'ombe unamuua. Mtamba mmoja alichubuka nyonga kwenye matuta ya Magu, kidonda cha kupaka dawa tu.

Kijijini kwetu hakuna gati la kushushia ng'ombe, na nilikuwa nimeshawaambia. Wakasahau. Fuso imesimama, ng'ombe wa kilo nyingi yuko juu kiasi cha kifua cha mtu, na utingo anasema warukishwe. Kaka hakumjibu. Akamwonyesha dereva kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, wakarudisha gari kinyumenyume mpaka bodi ikagusa udongo, vijana wakachonga mgongo wa kichuguu kwa majembe, na dume likatembea chini taratibu mbele ya watoto wote wa kitongoji. Mwenye mpango wa kuagiza awe na gati, au awe na kichuguu.

Sasa kupe.

Jamaa hawa wana sentensi moja wanayomwambia kila mteja: "Boran ni mgumu, haumwi." Wanaisema kwa uso mkavu. Ni kweli ni mgumu kwa jua, kwa njaa, kwa kutembea. Lakini huku kwetu kando ya ziwa kinachoua ng'ombe mgeni ni ndigana kali, na ugumu wa ndigana kali haumo kwenye nundu. Ugonjwa huu unaletwa na kupe wa kahawia anayekaa sikioni. Ndama wetu anaumwa na kupe huyo tangu wiki zake za kwanza. Wengi wanakufa, tusidanganyane, na waliobaki wanakuwa na kinga ya maisha. Ng'ombe wa ranchi inayoogesha kila wiki amekua bila kukutana na kupe huyo. Ana mwili, ana afya, anang'aa, na kinga hana. Unamtoa huko unamleta kwenye mbuga za Kwimba wakati wa mvua, unamfungulia aende na wenzake. Wiki ya pili au ya tatu tezi chini ya sikio zinavimba kama embe dogo, homa inapanda, anaanza kuhema kwa shida, povu linatoka puani. Ukiwahi mapema ipo dawa ya sindano, buparvakwoni, inafanya kazi. Ukisubiri povu umechelewa.

Chanjo ipo, na inachanjwa mara moja tu maishani. Ni ya namna yake: wanamdunga mnyama vijidudu hai vya ndigana yenyewe, na papo hapo wanamdunga oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ili augue kidogo apate kinga. Inatunzwa kwenye nitrojeni baridi kali, na mrija mmoja unatosha ng'ombe wengi. Ukishayeyushwa haungoji kesho. Ndiyo maana mchanjaji hatoki kwa ajili ya ng'ombe mmoja, anataka kundi. Aliyechanjwa huvikwa hereni yake ili ajulikane.

Nilipowaambia jamaa kwamba wangu wachanjwe hukohuko ranchi na wakae zaidi ya mwezi kabla ya kusafiri, walinijibu haina haja, nitachelewa, na wateja wengine hawajaomba. Nikasema chanjo nalipa mimi, na malisho ya huo mwezi nalipa mimi. Ikafanyika. Mmoja wa wale niliochangia nao gari aliamini kwamba haumwi. Ni mtu mzima, mwalimu mstaafu, alitumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Mitamba yake miwili ilikufa kabla mvua za masika hazijaisha, na alipowapigia simu wakamwambia asome mkataba, ng'ombe walishavuka Sirari. Kisheria wako sahihi. Mimi bado nasema walijua, kwa sababu mzee wao wa Kikurya alikuwa anabonyeza zile tezi kila gari liliposimama. Mtu habonyezi kitu asichokiogopa.

Kwa hiyo ukiniuliza: kubeba na kuvusha, nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata ni ya namba ya hereni. Bili, mbili. Ukweli wa maelezo kwa mteja, moja, nayo nampa yule mzee, ambaye hata hauzi.

Na siyo kila mtu awatafute. Anayetaka dume moja tu asihangaike na Laikipia, gharama ya makaratasi na gari itamzidi bei ya ng'ombe. Shamba la serikali la Mabuki lipo hapo Misungwi, NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, wana Boran kwenye ranchi ya Kongwa, na mbegu za chupa za Boran zinapatikana kupitia kituo cha uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija, cha Usa River kama mna mhimilishaji anayefika kwenu siku jike linapohitaji, siyo siku yeye ana nafasi. Ndama wa uhimilishaji ana faida moja ambayo wakala hawezi kukuuzia: amezaliwa hapahapa, kupe anamjua tangu mdogo. Isebania inalipa mkiwa watatu au wanne mnaoaminiana, mnajaza gari, mnachanja kundi zima kwa mpigo mmoja, na mna mtu mmoja anayejua kushika ng'ombe wa kwenda kuchagua.

Dume letu limeshazoea. Asubuhi linatoka na majike ya Kisukuma, yanalifika kwenye bega, na halijajitenga. Ndama wa kwanza tunawategemea baada ya vuli.

Mkiagiza, panga ng'ombe wafike Juni au Julai. Barabara ya Bukwimba inapitika, majani bado yapo, na kupe wakubwa wamepungua. Namba za hereni zisomeni wenyewe zizini, kwa sauti, mmoja akishika sikio na mwingine akishika cheti.